Tangu Mashine Iliponyamaza

Mwanangu Raya,

Asubuhi uliponibusu mkono ukaondoka kwenda Shumba kumuaga bibi yako, nilikuitikia na dua nikakuombea, kwa hiyo salamu zimeshapita. Sasa ni baada ya alasiri. Baba yako yuko barazani na redio yake, wewe hurudi mpaka magharibi, na kesho asubuhi ni boti ya kukupeleka chuoni Unguja. Nina muda huu tu, na nina jambo ambalo wiki hii nimejaribu kukuambia mara tatu uso kwa uso, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza kama umekula.

Naandika kwa kalamu. Mimi Bi Hidaya wa mashine, ambaye nusu ya Tibirinzi huja kwangu kuchapiwa barua na kujaziwa fomu, leo nimeshika kalamu na kidole kinaniuma. Kwenye kompyuta ningeandika sentensi moja nikaipamba mara kumi, mwisho ikatoka barua ya ofisini. Na barua zangu za ofisini zimeshawahi kuharibu mambo ya watu, nitakusimulia.

Ya kula, ya kuvaa, ya kufunga mlango na ya kuchagua marafiki sikuandikii. Shangazi yako wa Unguja, utakayekaa kwake, keshakuambia yote kwa simu mara mbili, nami nimesikia kila neno. Nimesikia kwa sababu ya hii kompyuta mpya uliyoniwekea. Hapo ndipo penyewe, lakini niache nianze nyuma kidogo, maana kusema jambo moja kwa moja sikuzoea.

Ile kompyuta ya zamani iliingia nyumba hii ukiwa darasa la pili. Mwanzo ilikuwa inavuma kidogo tu, halafu kila mwaka ikazidisha. Baba yako akaiita jenereta. Mteja akifika, humwambia, "Kaa kitako, Bi Hidaya anawasha jenereta lake." Watu walipokuja kwangu walipiga makelele na mimi nikawajibu kwa makelele, mpaka siri za mtaa mzima zikawa zinasomwa kwa sauti chumbani mwangu. Mimi sikuona tabu. Nilikuwa naamini kwamba kitu kinachofanya kazi lazima kitoe sauti. Cherehani ina sauti, kinu kina sauti, baba yako akiinua gunia moja anaguna mpaka jirani aje kumpa pole.

Ulianza kunisumbua mwaka jana. Ukaniambia mama, diski ya mashine hii imechoka, siku moja itakufa na barua zote za watu. Nikakujibu haijaharibika. Nikakuambia vitu vipya havidumu. Nikakuambia nimeizoea, na mtu hamtupi aliyemzoea. Wiki hizi za mwisho ulikuwa uongo mtupu, mwanangu. Ndani ya mashine ile mlikuwa na faili moja ambalo sikutaka lihame, na sikujua pa kulificha.

Lakini wewe una kichwa cha baba yako. Lile kasha dogo la kompyuta mpya likaja kutoka Unguja, likawa si kubwa kuliko mkebe wa biskuti, nikakuuliza mashine yenyewe itakuja lini. Ukacheka. Ukatandika jamvi sakafuni, ukailaza ile ya zamani ubavu, ukaanza kufungua skrubu. Nami nilisema nitakaa pale kidogo tu, nikakaa mpaka adhuhuri.

Ulipouvua ubavu wake chumba kizima kikanukia karafuu. Hilo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Kumbe kila msimu, mvua ikitishia, sote tunakimbilia uani kuanua karafuu, na majamvi yanaingizwa popote penye nafasi, na penye nafasi ni chumba cha mashine. Feni ikawa inavuta lile vumbi mwaka baada ya mwaka. Ukatoa makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwa vidole, ukatoa karafuu nzima mbili, ukatoa na mjusi kafiri mkavu aliyekufa siku gani Mungu ndiye ajuaye. Halafu ukanyanyua kile kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, nilichokuwa nikiifunika nacho mashine juu na nyuma hata ikiwa inawaka, ili ipendeze mgeni akija.

Ukaniambia, taratibu, kama unamwambia mgonjwa, "Mama, hii ilikuwa inapiga kelele kwa sababu haipati pumzi."

Nikaona haya. Miaka yote nikidhani naitunza, kumbe naikaba koo. Lakini haya yangu haikukaa, maana hamu ya kujua iliishinda. Nikaanza kukuuliza kama mtoto wa chuo cha Kurani. Hiki nini? Na hiki? Ukanionyesha diski ya zamani, ukaniambia ndani mna sahani inazunguka na kijiti kinasoma juu yake, mfano wa santuri aliyokuwa nayo babu yako. Ukanionyesha ya mpya, bapa, nyepesi, hamna kinachozunguka wala kinachotikisika. Nikakuuliza, sasa inakumbukaje? Ukafikiri kidogo ukasema, kwa umeme unaofungiwa ndani ya vyumba vidogo mno, na ukizima mashine umeme ule haukimbii. Nimelala na jibu hilo siku nne. Nani aliufunga huo umeme? Na kwa nini haukimbii? Bado nina maswali ya kukuuliza, usidhani umeyamaliza.

Swali moja nilikuuliza kwa hila, na leo nakiri. Nilikuuliza, mtu akifuta faili, linakwenda wapi? Ukanijibu haliendi popote. Linafutwa jina lake kwenye orodha tu, lenyewe linabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na fundi anayejua anaweza kulirudisha. Nikafuta macho kwa upindo wa kanga. Ukaniuliza kulikoni, nikasema moshi wa jikoni. Kisha nikakuuliza kama mtu anayehamisha mafaili huwa anayasoma. Ukasema, "Mama, mimi nahamisha tu, ya watu sisomi." Nikakuamini, kwa sababu hujawahi kuniongopea. Mimi ndiye niliyekuongopea.

Jioni ile ukaiwasha. Kwangu mimi ilikuwa haijawaka, maana sikusikia chochote. Nikabonyeza kitufe tena, nikaizima. Ukaiwasha, nikaizima tena. Mara ya tatu ukanishika mkono ukaniambia niangalie taa. Taa inawaka na mashine imenyamaza kimya. Nikaisogezea sikio mpaka shavu likaigusa, na baba yako kutoka mlangoni akauliza kama naibusu.

Raya, miaka kumi na moja mimi sikuwa nasikia nyumba yangu. Siku ya pili yake nimekaa nachapa barua ya mtu, nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia kuku wa jirani Bi Mkasi, nikasikia baba yako anasoma Yasini chini kwa chini barazani, nami nilidhani huwa amelala. Nikawa naacha kuchapa makusudi, nasikiliza tu. Ikawa starehe yangu mpya, kila saa najiuliza leo nitasikia nini.

Ndipo nikakusikia na wewe. Ulikuwa chumba cha pili unazungumza na shangazi yako, na ukuta wetu unaujua, mabati na matumaini. Baada ya wasia wake wote akakuuliza mbona huna raha na unakwenda chuo. Ukamjibu hivi, nimeyashika maneno yako yote:

"Raha ninayo, shangazi. Ila nilitaka ile ya kompyuta kule Bara, hawakunichukua. Si kitu. Pengine kichwa changu si cha mashine, nilijidanganya tu."

Ulikuwa umetoka kuniwekea mashine nzima kwa mikono yako, jana yake tu.

Basi nakuambia sasa, na ukifika hapa kaa kitako. Kule Bara hawakukukataa. Hawakukuona. Siku ile ya maombi ulinipa karatasi yenye machaguo yako matatu kwa mwandiko wako, uhandisi wa kompyuta wa Bara kwanza, ualimu wa Unguja mwisho, ukaniambia, mama nijazie, mimi nakimbilia skuli kufuata vyeti. Nikakaa kwenye mashine. Nikaandika ualimu juu, na kile chuo cha Bara sikukiandika kabisa, hata chini. Nikatuma. Uliporudi nikakuambia tayari, ukanishukuru. Majibu yalipotoka ukasema alhamdulillahi, ukaenda kukaa nyuma ya nyumba, na mimi nikakupikia mkate wa kumimina. Ulikula vipande vitatu ili nisiulize.

Lile ndilo faili. Karatasi yako nilikuwa nimeiskani na fomu niliyotuma nimeiweka pembeni yake, kwa sababu nimezoea kuweka nakala ya kila kitu. Nimezitoa zote mbili kwa printa, zimo ndani ya bahasha hii. Ziangalie kwa macho yako, usiniamini kwa maneno tu.

Kwa nini nilifanya? Kwa wiki kadhaa nilijipa jibu la kistaarabu, kwamba ualimu ni kazi ya heshima kwa mtoto wa kike na ina likizo. Ni kweli ina heshima, lakini si kwa sababu hiyo. Niliogopa. Nimewaona waliokwenda Bara kusomea mashine. Mwaka wa kwanza hurudi Idi kwa Idi, kisha hurudi na mchumba, kisha hutuma zawadi kwa mkono wa msafiri na salamu kwenye simu. Nilitaka uwe mbali kwa boti moja tu. Sikutaka kuachwa, mwanangu, na badala ya kukuambia sitaki kuachwa, nikakuibia chaguo lako, kisha nikakuacha uamini huna akili. Hilo la pili ndilo linalonikata. La kwanza nililipanga, la pili sikuliona mpaka nilipolisikia kwa masikio yangu.

Sijitetei, ila nataka ujue tabia hii imetoka wapi, usije ukairithi. Kazi yangu imenifundisha vibaya. Mtu huja na maneno mawili, mimi namuandikia kumi, yakifanikiwa husema Bi Hidaya anajua kuandika hata usilolisema. Nikalewa sifa. Yule mzee wa Kisiwa Panza unamkumbuka? Aliyegombana na mdogo wake kwa minazi ya urithi. Wewe ulikuwa mdogo, ulimpa maji. Alikuja hapa akaniambia andika tu, njoo nyumbani, nimekosa. Nikamwambia mzee, hiyo si barua, haijai hata mstari. Nikamchapia ukurasa mzima. Kwa heshima na taadhima, yahusu kuombwa radhi, aya tatu zilizonyooka, na chini kabisa, kwa mazoea ya mkono, nikaweka nakala kwa sheha, kiongozi wa mtaa wao.

Mdogo mtu akaipata akaona anapelekwa kwa sheha. Akajibu kwa barua iliyochapwa na mtu mwingine, mstari mmoja, barua yako imepokelewa. Yule mzee akavuka maji tena mpaka hapa, akaiweka mezani kwangu, hakufoka. Akasema, "Bi Hidaya, mimi nilisema maneno mawili." Akaondoka zake. Miaka miwili wale ndugu hawakusalimiana. Walipatana baadaye msikitini, kwa maneno yaleyale mawili, bila mimi. Na mimi nikaifanya hadithi ya kuchekesha wateja. Ningeisikiliza vizuri siku ile, nisingefika huku.

Alhamisi, ulipokwenda sokoni Chake, nilipiga simu chuo cha Bara. Nilitaka kujua, hata kama kujua kutaniumiza. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya upole, nikamsomea matokeo yako, nikamuuliza mtoto kama huyu angechukuliwa. Akasema, "Huyu angeingia moja kwa moja. Mbona hakuomba?"

Nikamwambia simu inakatika, nikakata. Nikakaa nikalia, Raya, nikilia kimya kwa sababu sasa nyumba hii kila kitu kinasikika. Kisha nikanawa uso nikampigia tena. Akaniambia awamu ya pili ya maombi bado iko wazi mpaka mwisho wa wiki ijayo, na nafasi zipo, ila si nyingi. Ukienda boti ya kesho ukajiandikisha ualimu, nafasi ya kuomba kule imekwisha, maana aliyejiandikisha chuo kimoja haruhusiwi kuomba kingine. Ukitaka kuomba, ni kabla hujapanda. Sasa unajua kwa nini nisingeweza kungoja likizo.

Nimemwambia baba yako juzi. Alizima redio yake. Kisha akasema nikuambie kabla ya boti, na nikishakuambia nisikuambie la kufanya. Unamjua, akisema maneno mengi hivyo ujue amekasirika. Haki yake. Na wewe ukikasirika haki yako, usinihurumie kwa sababu nimeandika kwa kalamu.

Wasia sina. Mwenye kosa kama hili hatoi wasia, anauliza. Na mimi nina maswali ambayo ilikuwa nikuulize zamani, nikawa nimeshughulika kukujibia. Ulianza lini kupenda mashine? Siku ile ukiwa darasa la tano ulipoifungua redio ya baba yako na nikakupiga, ulikuwa unatafuta nini ndani? Ulikipata? Ulipokuwa unanifungulia ile kompyuta uso wako ulitulia hivi, sijawahi kukuona hivyo hata ukisali. Ulikuwa unafikiri nini wakati ule? Chuo cha Bara unakitaka kwa sababu ya masomo, au unataka pia kuwa mbali na mimi kidogo? Ukinijibu ndiyo kwa hilo la mwisho sitakufa. Nataka kujua tu. Nimegundua katika uzee wangu kwamba sikujui vizuri, na hilo linanitia hamu kuliko linavyonitia huzuni. Majibu yaje yakiwa tayari, hata baada ya mwaka.

Kama utachagua ualimu, nenda nao ukiujua kuwa umeuchagua wewe, na radhi zangu unazo zote. Kama utachagua lile lingine, radhi ni zilezile. Shangazi yako nimeshamwambia kwamba huenda kesho usije, akauliza kwa nini, nikamwambia atakuambia mwenyewe akitaka. Sanduku lako liko mlangoni, sijaligusa. Tiketi iko juu yake.

Ukirudi utatukuta sote wawili barazani, hatutaingia ndani mpaka utoke. Barua hii nimeiweka mezani, na nyuma yake kompyuta inawaka, usidhani imezimika. Nimeifungua fomu ya awamu ya pili. Nilikaa mbele yake kama nusu saa na mikono mapajani. Sikujaza kitu, mwanangu, hata jina lako.

Mama yako,
Hidaya